Kanuni Moja Iliyogeuzwa: Ulimwengu wa Kubuni na Ulimwengu Wetu katika Ngano ya Zimwi na Riwaya ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Suala la tofauti baina ya ulimwengu unaobuniwa na fasihi na huu tunaoishi limejibiwa kwa wepesi mno katika uhakiki wa Kiswahili. Jibu lililozoeleka ni kwamba ulimwengu wa ajabu katika kazi zetu ni istiari. Mhakiki anapokutana na nchi inayoelea angani, hatua yake ya kwanza huwa ni kuishusha chini na kuipa jina linalojulikana katika ramani: Kusadikika ni Tanganyika ya wakati wa ukoloni, Walenisi ni Kenya jinsi inavyostahili kuwa, na zimwi la ngano ni adui, ukame au mtawala dhalimu. Ufunguo ukishapatikana mlango hufungwa, na mwanafunzi huandika jibu lake la mtihani akiamini kuwa kazi imekwisha.

Hatukusudii kudai kwamba usomaji wa namna hii ni wa bure. Umetusaidia kuonyesha kuwa fasihi ya ajabu si porojo za kuwalaza watoto, na kwamba waandishi wetu walikuwa na jambo la kusema juu ya jamii zao. Hata hivyo, una hasara moja kubwa: unaifuta tofauti ambayo ndiyo iliyomfanya mwandishi abuni. Iwapo Kusadikika ni Tanganyika na si zaidi, hatuna budi kueleza ni kwa nini Shaaban Robert alijitaabisha kuitundika angani.

Masimulizi ya Ukambani yana mfano unaolionyesha tatizo hili waziwazi. Husimuliwa kwamba nabii wa kike, Syokimau, aliona kabla ya kuja kwa wageni nyoka mrefu ambaye angelala kutoka maji makuu ya mashariki hadi maji makuu ya magharibi. Reli ilipopita Ukambani na kufika Nairobi mwaka 1899, nyoka huyo alipata tafsiri, na tangu hapo hapana anayeuliza alikuwa nyoka wa namna gani, alikula nini, wala kwa nini maono yale yalikuja kwa sura ya nyoka. Unabii ukishatimia hauna kazi tena. Uhakiki wa ufunguo huifanya riwaya kuwa unabii uliokwisha timia.

Makala haya yanadai kwamba ulimwengu wa kubuni unaofaulu haupimwi kwa wingi wa maajabu yake. Hutofautiana na wetu kwa kanuni moja iliyogeuzwa, huku kanuni nyingine takriban zote zikiachwa kama zilivyo. Tunadai pia kwamba kanuni inayogeuzwa aghalabu ni ile ambayo jamii ya msimulizi au ya mwandishi imeumizwa nayo zaidi. Madai haya tutayajaribu kwanza katika ngano ya zimwi kama inavyoweza kusikika Migwani, kisha katika Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert na Walenisi (1995) ya Katama Mkangi. Mwishoni tutayakabilisha na kazi zinazoelekea kuyapinga, yaani Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi.

2.0 Misingi ya Kinadharia

Nadharia za Magharibi kuhusu fantasia zimeshughulikia zaidi hali ya msomaji kuliko muundo wa ulimwengu wenyewe. Coleridge, mwaka 1817, alizungumzia msomaji anayekubali kwa hiari kuiweka kando shaka yake ili shairi lipate kumwingia. Todorov, katika kitabu chake cha mwaka 1970, aliifasili fantasia kuwa ni kule kusita kwa msomaji asiyejua kama tukio lililo mbele yake lielezwe kwa sheria za maumbile au kwa nguvu zilizo nje ya maumbile. Akiamua upande mmoja, fantasia humtoka na kuingia katika utanzu jirani.

Fasili ya Todorov inatufaa kidogo sana. Msikilizaji wa ngano hasiti. Fanani anapotanguliza fomyula yake na hadhira ikamwitikia, mapatano yamekwisha fungwa: zimwi litazungumza, na hapana atakayeuliza limejifunza wapi lugha. Halikadhalika msomaji wa Shaaban Robert hasiti. Anaambiwa tangu mwanzo kuwa nchi iko angani, naye anasonga mbele.

Tolkien, katika mhadhara alioutoa mwaka 1939 juu ya hadithi za ajabu, alikaribia zaidi haja yetu. Kwake, mtunzi huumba ulimwengu wa pili, na kinachosimuliwa humo ni kweli maadamu kinaafikiana na sheria za ulimwengu huo. Suvin naye, mwaka 1979, alipoihakiki bunilizi ya kisayansi, alisisitiza kuwa kazi za utanzu huo hutawaliwa na jambo jipya moja ambalo ulimwengu mzima wa kazi hujipanga kulizunguka. Kwa Tolkien tunachukua wazo la sheria za ndani, na kwa Suvin wazo la jambo moja linalotawala. Tunaongeza swali ambalo hawakuliweka mbele: kanuni iliyogeuzwa inamwuma nani?

Kwa neno "kanuni" tunakusudia uhusiano wa sababu na matokeo ambao wahusika hawawezi kuukwepa. Nchi kuelea angani ni ajabu, lakini yaweza isiwe kanuni iwapo hapana mhusika ambaye maisha yake yanageuka kwa sababu hiyo. Mtu aliyemezwa kutoka mzima ni kanuni, kwa kuwa hatima ya kila mhusika katika ngano inaitegemea. Kutofautisha ajabu na kanuni ndiyo hatua ya kwanza ya uhakiki tunaoupendekeza.

3.0 Zimwi na Kanuni ya Kumezwa

Zimwi, ambalo kwa Kikamba huitwa eimu, ni mhusika mkuu wa ngano nyingi za Kitui na Makueni. Gerhard Lindblom alizichapa ngano za Wakamba katika juzuu zilizoanza kutoka mwaka 1928, na John Mbiti, mzaliwa wa Mulango karibu na mji wa Kitui, alitoa mkusanyo wake mwaka 1966. Mojawapo ya ngano zinazojulikana sana, Ukambani na kwa majirani pia, ni ile ya zimwi linalowameza watu na mifugo ya nchi nzima. Anasalia mtu mmoja au wawili, aghalabu mama na mwanawe. Mtoto akikua hulikabili zimwi, nalo linaposhindwa hukatwa kidole, na kupitia hapo hutoka wote waliomezwa: watu, ng'ombe na mbuzi, wakiwa hai.

Tuichukulie ngano hii kama inavyosikika Migwani, baina ya mji wa Kitui na Mwingi. Tukihesabu yaliyomo, tutaona kwamba takriban kila kitu ni cha Migwani. Kuna boma la miiba, kuna mbuzi, kuna mto ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, na maji hupatikana kwa kuchimba. Kuna msichana aliyetumwa kuni na mama aliyebaki na kazi za nyumbani. Wanaoenda mbali huchoka, wanaokosa chakula huona njaa, na mtoto huchukua miaka kukua. Hata masafa si makubwa: ulimwengu wa zimwi hauhitaji bahari wala mbingu, uko ng'ambo ya mto au ndani ya kichaka kile pale. Hadhira inaufahamu ulimwengu huo kiasi cha kuweza kumsahihisha fanani akikosea jina la mti.

Kanuni iliyogeuzwa ni moja tu: kilichomezwa hakikuliwa. Katika ulimwengu wetu kumeza ndiyo mwanzo wa kuangamiza. Katika ngano, tumbo la zimwi ni ghala, huweka, haliozeshi. Kwa sababu hiyo ushindi wa mtoto una maana. Kama waliomezwa wangekuwa wamekwisha kusagika, kulikata zimwi kidole kungekuwa kisasi na basi.

Hapa ndipo swali letu la nyongeza linapopata uzito. Ukambani ni nchi ambayo njaa kubwa hupewa majina na kuhesabiwa kama watu wanavyohesabu vizazi. Ile ya mwishoni mwa karne ya 19 ingali inakumbukwa kwa jina la Ngomanisye. Jamii ya namna hiyo inafahamu barabara jinsi ukame unavyomeza mifugo ya boma zima, kisha wazee na watoto, na inafahamu pia kwamba mvua ikirudi, hairudi nao. Mvua hufufua mtama, mbaazi na kunde. Haimfufui mbuzi mmoja. Ngano imeiacha njaa kama ilivyo, imeuacha umbali kama ulivyo, ikaigeuza kanuni ile moja isiyovumilika.

Mhakiki wa ufunguo angesema hapa: zimwi ni ukame. Kauli hiyo ina sehemu ya ukweli, lakini inatupotezea jambo muhimu. Zimwi linafanana na ukame katika kumeza, na linatofautiana nao katika kurudisha. Nguvu ya ngano imo katika kule kutofautiana. Methali ya Kiswahili isemayo kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha inaonyesha kwamba fikra hii haiko Ukambani pekee. Hata pwani, zimwi ni kiumbe ambaye kula kwake kuna mpaka. Ukame hauna mpaka wa namna hiyo, wala haumjui mtu.

Mfano mwingine kutoka Kitui unathibitisha kuwa kanuni moja hutosha. Husimuliwa kwamba mtu akiuzunguka mwamba wa Nzambani mara saba hugeuka jinsia, mwanamume akawa mwanamke na mwanamke akawa mwanamume. Mwamba upo, hupandwa na wageni na wenyeji. Njia ya kuuzunguka ipo. Miguu inayotembea ni miguu ya kawaida. Kilichogeuzwa ni kanuni moja, nayo ni ile inayogawanya kazi, urithi na sauti katika jamii. Masimulizi yanasema kwamba mpaka huo mzito una upana wa mizunguko saba. Hatuna haja ya kumpata mtu aliyegeuka ili tutambue ni mpaka gani ulioguswa.

4.0 Kusadikika na Kanuni ya Kusikilizwa

Kutoka katika ngano tunaingia katika riwaya, na masafa yanaongezeka. Ulimwengu wa zimwi ulikuwa ng'ambo ya mto. Kusadikika iko hewani. Wahakiki wamewahi kuilinganisha na Laputa, kisiwa kielekacho angani katika safari za Gulliver alizozichapa Swift mwaka 1726. Ulinganisho huo una faida kwa kule kutoafikiana kwake. Swift anaeleza kwa urefu jinsi sumaku kubwa inavyokiinua na kukishusha kisiwa chake, na watawala wa Laputa hukitumia kuelea huko kuwakandamiza walio chini. Huko kuelea ni kanuni. Kwa Shaaban Robert hapana sumaku wala maelezo ya kifundi. Nchi inaelea kwa sababu mwandishi amesema inaelea, na baada ya hapo mambo ya ikulu na mahakama huendelea kama yanavyoendelea juu ya ardhi yoyote.

Kwa kipimo chetu, basi, kuelea kwa Kusadikika ni ajabu isiyo kanuni kuu. Kanuni iliyogeuzwa tuitafute mahakamani. Karama anashtakiwa kwa kutaka kueneza elimu ya sheria. Anayemshtaki ni Majivuno, mwenye cheo na sauti mbele ya mfalme. Mshtakiwa anajitetea kwa kusimulia, kikao baada ya kikao, habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, juu na chini, wakarejea na mafunzo ya manufaa, na malipo yao yakawa kifungo. Wivu wa wakubwa, sheria inayopindwa, mtu mwema anayefungwa kwa wema wake: hayo yote yameachwa kama yalivyo katika ulimwengu wetu. Lililogeuzwa ni hili: mshtakiwa anasikilizwa mpaka mwisho, na neno lililopangwa vizuri linayashinda madaraka. Karama anaachiliwa, na waliofungwa wanafunguliwa.

Tuangalie ni nani aliyeandika. Shaaban Robert alitumikia serikali ya kikoloni kama karani kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Karani ni mtu anayeandika maneno ya wengine, na katika utawala wa wakati ule neno la Mwafrika, hata likiwa la haki na la ufasaha, halikuwa na njia ya kumlazimisha mkubwa abadili hukumu yake. Kanuni hiyo ndiyo iliyogeuzwa. Anayeisoma Kusadikika kama picha ya Tanganyika ataona ukandamizaji uliofichwa na kumsifu mwandishi kwa ujasiri wa kuuficha. Anayeisoma kwa kuitazama tofauti ataona kwamba sehemu isiyofanana na Tanganyika ndiyo iliyokuwa kali zaidi: mahakama inayoweza kushawishika.

Hoja kwamba fantasia ilikuwa maficho ya kukwepa udhibiti inahitaji kupunguzwa kiasi. Hatuikatai kabisa, kwani hofu ilikuwapo. Lakini maficho hayana faida hatari ikishapita. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961; Kusadikika haikuzeeka mwaka huo, na vizazi vya wanafunzi wa Kenya na Tanzania vimeendelea kuisoma vikiwafikiria watawala wengine. Kufikirika nayo ilitoka mwaka 1967, baada ya uhuru na baada ya mwandishi mwenyewe kufariki mwaka 1962. Tofauti ya ulimwengu wa kubuni na wetu ilikuwa na kazi ambayo haikwisha pamoja na ukoloni.

Majina ya nchi hizi mbili yanasaidia kuibainisha kazi hiyo. Yote mawili yamo katika kauli ya kutendeka, ambayo kwa Kiswahili hubeba maana mbili kwa pamoja: hali ya jambo na uwezekano wake. Tukisema kamba hii hukatika, tunaisema tabia yake na tunasema pia kuwa yaweza kukatwa. Kusadikika ni nchi iliyo katika hali ya kuweza kusadikiwa, na Kufikirika ni nchi iliyo katika hali ya kuweza kufikiriwa. Baina ya hayo pana hatua, maana mtu huweza kulifikiri jambo asilisadiki. Kwa majina haya mwandishi hasemi nchi iko wapi. Anasema ni kitendo gani cha akili ya msomaji kinachoisimamisha. Nchi isiyo na ardhi chini yake inasimama juu ya kusadiki kwetu, na hapo hata kuelea kwake, ambako tulikuita ajabu tupu, kunapata kazi katika lugha ya jina lake.

5.0 Walenisi na Kanuni ya Hukumu

Katama Mkangi, mwandishi wa pwani ya Kenya aliyefariki mwaka 2004, aliisogeza dunia ya kubuni mbali zaidi. Walenisi ni sayari nyingine. Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anatiwa katika chombo cha angani kilichokusudiwa kuwa mauti yake. Badala ya kufa anafika mahali ambapo watu ni sawa, kazi ni ya wote na hapana mkubwa anayekula jasho la mdogo. Mwenyeji wake, Fikirini, ndiye anayemweleza taratibu za huko.

Ni rahisi kusema kwamba kanuni iliyogeuzwa hapa ni usawa. Tunaona kuwa usawa ni maudhui ya riwaya, na kanuni iko mahali pengine, ndani ya kile chombo. Katika nchi aliyotoka Dzombo, hukumu ya wenye nguvu ndiyo mwisho wa mtu. Katika riwaya, chombo cha kuulia kinageuka njia. Aliyetupwa hakupotea, amefikishwa. Kanuni hii ni jamaa wa karibu wa ile ya zimwi, kwani katika zote mbili tumbo lililokusudiwa kuangamiza linamtoa mtu akiwa hai. Mkangi mwenyewe aliwekwa kizuizini mwaka 1986 bila ya kufikishwa mahakamani. Hatupendi kuisoma riwaya kama wasifu wa mwandishi. Tunachosema ni kwamba Wakenya wa miaka ile waliifahamu vyema dola iliyoweza kummeza mtu, na hawakuhitaji kufundishwa uchungu wa kanuni inayogeuzwa hapa.

Kipimo hiki kinatuwezesha pia kutoa tathmini, jambo ambalo uhakiki wa ufunguo hauliwezi, kwa sababu kwake kila istiari iliyofumbuliwa ni nzuri. Walenisi ina nguvu pale ambapo kanuni yake inatenda: katika hukumu, katika chombo, katika mshangao wa mtu aliyejiandaa kufa akajikuta anakaribishwa. Nguvu hiyo inapungua pale ambapo mwenyeji anaeleza na mgeni anasikiliza. Katika kurasa hizo ulimwengu wa kubuni hausukumani na mhusika. Hauna mto wa kuvuka wala mtu wa kupinga. Kila kanuni imegeuzwa kuwa njema, na pale zote zinapogeuzwa kwa pamoja msomaji hapati mahali pa kuegemeza mguu ili apime umbali. Hadhira ya Migwani inaliamini zimwi kwa sababu mbuzi wake ni mbuzi kweli. Sayari ya Walenisi ingeaminika zaidi kama baadhi ya taabu zetu zingeachwa humo zikafanya kazi.

Hata hivyo, jina la riwaya linarekebisha sehemu ya udhaifu huo. Walenisi ni sentensi iliyounganishwa: wale ni sisi. "Wale" ni kionyeshi cha mbali. "Sisi" hakina umbali wowote. Ulimwengu ulio mbali kuliko wote tuliouchunguza ndio ulio na jina la karibu kuliko yote. Jina halifuti tofauti, kwa sababu bila ya tofauti kusingekuwa na haja ya kusema kuwa wale ni sisi. Sentensi ya namna hiyo husemwa tu juu ya watu wanaoonekana kuwa si sisi.

6.0 Pingamizi: Nagona, Mzingile na Bina-Adamu!

Msomaji makini atauliza: vipi kuhusu Kezilahabi? Katika Nagona na Mzingile msimulizi hupita katika ulimwengu ambao wakati, mahali na mauti havifuati utaratibu. Wafu husema, wanafalsafa wa karne mbalimbali hukutana, na dunia inaweza kuteketea na safari ikaendelea. Kanuni zilizogeuzwa ni nyingi mno kuhesabika. Ikiwa madai yetu ni sahihi, riwaya hizi fupi zilipaswa kushindwa kwa sababu ile ile tuliyoitaja kuhusu kurasa za maelezo za Walenisi. Nazo hazikushindwa, ni miongoni mwa kazi zilizobadilisha mwelekeo wa riwaya ya Kiswahili.

Pingamizi hili ni zito, na linatulazimu kuyapanua madai yetu. Kezilahabi amefanya hesabu ile ile kwa kuigeuza: ameziondoa kanuni nyingi, akabakisha moja. Inayobaki ni kanuni ya kutafuta. Msimulizi hajui aliko, haaminiki kama yu hai au la, lakini anauliza, na kila jibu linamsukuma hatua nyingine. Kutafuta huko ni kwa kawaida kabisa, ni kwa kibinadamu kama kiu. Kwa sababu kanuni hiyo haikuguswa, msomaji anao mguu mmoja juu ya ardhi. Yaelekea, basi, kwamba ulimwengu wa kubuni husimama ama kwa kugeuza kanuni moja na kubakisha nyingine, ama kwa kubakisha moja na kugeuza nyingine. Katika njia zote mbili kinachohitajika ni uwiano unaoweza kupimwa. Ulimwengu ambao umegeuza nusu na kubakisha nusu bila ya mpango ndio unaomchosha msomaji.

Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wadi Wamitila inaonyesha jinsi njia ya kwanza ilivyoendelea kuzaa matunda baada ya hapo. Kanuni iliyogeuzwa humo ni umbali. Kauli kwamba dunia imekuwa kijiji ilikuwa imezagaa katika hotuba na magazeti. Riwaya inaichukua kauli hiyo kwa maana yake ya wazi na kumtembeza msimulizi kutoka bara hadi bara kana kwamba anatoka boma hadi boma. Njaa, vita na dhuluma zimeachwa kama zilivyo. Umbali unapoondolewa, msomaji hulazimika kuona kwamba kijiji hicho kina mkubwa mmoja, na kwamba majirani hawali chungu kimoja.

7.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba swali la ulimwengu wa kubuni unawakilisha nini linapaswa kutanguliwa na maswali matatu. La kwanza: ni nini kilichoachwa kama kilivyo? La pili: ni kanuni gani iliyogeuzwa, au iliyobakizwa peke yake? La tatu: ni nani aliyehitaji igeuzwe? Maswali haya yanawezekana katika darasa la shule ya upili kama yanavyowezekana katika semina ya uzamili, na hayahitaji vitabu vingi. Mwanafunzi wa Kitui au Makueni anayo maarifa ya kuyajibu kabla ya kufungua riwaya, kwa kuwa amekwisha sikia kuhusu zimwi lililokatwa kidole na kuhusu mwamba usiozungukwa mara saba.

Manufaa yake hayaishii katika mtihani. Uhakiki unaoharakisha kusema kuwa kule ni huku humfundisha msomaji kuwa hakuna kingine kinachoweza kufikiriwa isipokuwa hiki kilichopo, kikiwa kimevaa nguo za kuazima. Fasihi tuliyoichunguza inasema vinginevyo. Inasema kwamba kanuni fulani ya ulimwengu huu, ile inayouma, imewahi kutazamwa na watu waliokaa kando ya moto au mezani kwa karani, wakaikataa kwa muda wa hadithi moja. Hadithi ikiisha kanuni hurudi: mahakama haishawishiki, aliyetupwa hapotei njia akafika mahali pema, na mbuzi aliyekufa kwa kiu hatoki tena. Lakini waliosikiliza sasa wanafahamu ni kanuni ipi, na wanalo neno la kuitajia. Kazi ya mhakiki ni kulitunza neno hilo lisipotee ndani ya tafsiri.